Daiodi Nne za Chumba cha Mkunga

Fyuzi ya tatu ilikatika kwa cheche ya bluu, na fundi akabaki ameipakata mashine kama mtu aliyebebeshwa mzigo asijue pa kuutua.

Hakuwa kwenye karakana yake. Alikuwa amekaa kwenye stuli chumbani kwa mkunga, na hatua mbili tu kutoka hapo, kitandani, alilala binti yake wa pekee, mimba ya miezi minane. Tangu jana asubuhi mtoto hajacheza. Mkunga alishaweka kipembe chake cha mti tumboni mara nne. Mara anahisi kasikia kitu, mara hasikii. Mashine ya kusikilizia moyo wa mtoto ndiyo ingemaliza ubishi, nayo iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo. Gari la wagonjwa lilikuwa safari nyingine, lisingefika kabla ya jioni. Basi akaitwa baba mtu, maana kama kuna kazi anayoijua duniani ni kufufua vilivyoungua.

Alijua pa kuanzia. Umeme ukiingia kwenye mashine kama hizi hupita kwanza kwenye daiodi nne, vijipande vyeusi vya ukubwa wa punje ya mchele, kila kimoja na mstari wa fedha upande mmoja. Daiodi nzima hupitisha umeme upande mmoja tu. Iliyoungua hupitisha kotekote, na ukiigusa kwa nyaya za mita ya kupimia umeme, mita inalia piii mpaka uiachie. Kioo cha mita yake kilikufa zamani, hakioneshi namba hata moja. Hakuona sababu ya kununua nyingine. Fundi anayesoma namba, alikuwa akiwatania wenzake, huyo ni karani.

Akagusa ya kwanza. Kimya. Akageuza nyaya. Kimya. Ya pili, ya tatu, ya nne, vilevile. Kwa hiyo zote nzima. Hapo ndipo alipoweka ile fyuzi ya tatu, nayo ikakatika kama wenzake.

"Fundi, nimekuita mara tatu," mkunga alisema, akimgusa bega. Alikuwa amevaa barakoa hadi puani.

"Fyuzi bado ninazo mbili," fundi alijibu.

Mkunga alimtazama kidogo, kisha akarudi kwa mgonjwa wake. Fundi hakuupenda mtazamo ule. Watu wakishavaa barakoa wanazungumza na matumbo yao, halafu wanataka uwaelewe.

Akazigusanisha ncha za mita, moja kwa nyingine. Hapo mita haina ujanja, lazima ilie. Kimya. Akaomba betri za saa ya ukutani, akazibadilisha, akazigusanisha ncha tena. Kimya kilekile. Binti yake aligeuza shingo ghafla, akamwangalia. Fundi akamtolea tabasamu la uongo, asije akajua kwamba mita imemfia baba yake leo, siku aliyoihitaji kuliko zote.

Woga ukamwingia, na tuseme ukweli, hajawahi kuogopa vile. Binti alishapoteza wawili kabla ya huyu. Safari zote mbili fundi alikaa nje kwenye benchi akishika tama, hana la kufanya wala la kusema. Leo alikuwa ameitwa ndani, na vifaa vyake mkononi, na bado hana la kufanya.

Mfukoni alikuwa na daiodi nne alizozing'oa kwenye redio mbovu. Akaamua kubadilisha zote kwa kubahatisha, kazi ambayo mwanafunzi wake angeifanya angemfukuza. Mistari ya fedha aliikagua mara tatu, kwa sababu ukiweka daiodi moja kinyume umeziunguza na nyingine. Akachomelea kwa risasi, akapuliza moshi, akaweka fyuzi, akawasha.

Taa ya kijani ikawaka. Fyuzi haikukatika.

Mkunga hakungoja kuambiwa. Akapaka jeli, akaweka kipimo chini ya kitovu, na wote watatu wakatulia.

Fundi hakusikia kitu. Akaongeza sauti. Akangoja, akaongeza tena, akazungusha kitufe mpaka kikagoma. Mkunga akakisogeza kipimo kushoto, akakibakisha hapo. Hakuna kitu. Binti alijifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Basi ni hivyo. Fundi akarudi kwenye stuli. Daiodi ziko sawa, fyuzi iko sawa, taa inawaka, mashine haina kosa. Kilichokufa mle chumbani hakikuwa na spea. Alifikiria atamwambiaje mkwewe.

"Nisamehe, mwanangu," alisema, na hakujua anaombea msamaha kosa gani.

Binti hakuondoa mikono usoni. Fundi akaona angalau aichomoe ile mashine, isiendelee kumtesa binti yake. Akainama, akaweka kiganja juu ya spika ili aibebe.

Kitu kikampiga kiganjani. Kikampiga tena, na tena, haraka haraka, bila kukosea hata pigo moja, spika ikirukaruka chini ya vidole vyake, huku masikioni mwake kukiwa kimya kilekile cha mita.

Mkunga akaishusha barakoa. Alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka.

"Punguza sauti sasa, fundi," midomo yake ilisema. "Moyo wa mjukuu wako unasikika mpaka barabarani."