Nani Aliita "Yangu"

Wiki nzima kocha alimsema kipa mbele ya wenzake. "Unaganda golini kama mlingoti! Jumamosi ukiganda tena, katafute kazi nyingine."

Basi kona ya mwisho ilipopigwa, kipa hakungoja. Akatoka mbio, ameuma meno, bila kutoa sauti, akaruka juu ya vichwa vya watu na ngumi mbele. Ngumi ikaupata mpira, ikapitiliza, ikatua kwenye taya la mtu. Ka!

Filimbi ikalia. Wameshinda. Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Beki aliyelala miguuni pake alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Taya limekwenda upande, damu inambubujika, vidole vinachezacheza kwenye majani.

Kocha akaja mbio, akamkumbatia kipa. "Hapo sasa! Ndicho nilichotaka!" Kisha akaona kilichokuwa chini. "Lakini si uliita 'yangu'?"

Tangu wakicheza uani kwa mama yao, sheria ilikuwa hiyo moja: mmoja akiita "yangu", mwingine anainama.

Kipa akatazama jino lililonasa kwenye glavu yake.

"Niliita," akasema.

Pale chini, mdogo wake akafumbua jicho moja, akamkazia.