Nyasi za Baba Mghoi

Nyasi za siku hizi huwakumbuka waliokufa. Kila alfajiri huinama pale marehemu alipozoea kukanyaga, hatua kwa hatua, kisha huinuka tena. Walio hai hazina habari nao.

Wanachama wa klabu ya gofu walichoka. Mipira yao ilikuwa ikipinda kwenye nyayo.

"Tunaweka nyasi zisizokumbuka kitu," katibu alimwambia Wakesho. "Tuwie radhi, mama."

Wakesho hakubishana. Yeye na marehemu mumewe, Mghendi, walikuwa wameutunza uwanja huo tangu ujana wao, wakipangusa umande kwa mianzi mirefu kabla wachezaji hawajafika. Aliomba tu kipande cha nyasi za zamani cha karibu na shimo la saba, kirefu kama mkeka, akakitandika sebuleni.

Basi kila alfajiri nyayo pana za Mghendi zikawa zinapita hapo kuelekea mlangoni, na Wakesho akizisindikiza kwa macho huku akibandika chai.

"Leo umejivuta, Baba Mghoi," humtania. "Umande utakukaukia."

Leo nyayo zilipita kama kawaida. Ila kando yake zilijichora nyingine, ndogo, za mtu anayeburuta kisigino cha kushoto.

Wakesho alikitazama kisigino chake kibovu, kilichokuwa bado kwenye ndara pale jikoni. Kisha akaitazama sufuria.

"Ningoje kidogo, mume wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Chai haijachemka."