Fisi Aliyelirefusha Jina la Chama

Punda walichoka kubeba mizigo ya wanyama wote, wakaunda Chama cha Punda. Simba akamtuma Fisi akawapeleleze. Fisi alijua kusema, na punda, badala ya kumfukuza, wakamfanya mwenyekiti! Papo hapo akalirefusha jina: Chama Kikuu cha Taifa la Punda Wachapakazi.

"Huyu anatupenda, jamani!" wakashangilia.

"Tangu lini fisi akampenda punda?" akafoka Bi Kihongwe, mkubwa wao.

"Bibi, kwani hukulisikia jina?"

Kufika mavuno, viongozi wote walikuwa fisi na mizigo imeongezeka maradufu. Punda wakaenda kulalamika.

"Jina lenu nimelifuta?" Fisi akauliza. "Basi bebeni."

Wakabeba. Mzigo wa kwanza ulikuwa ubao wa jina la chama, na kwa urefu wake ulihitaji punda wanne.