Sindano za Mtu Mmoja

Bima ililipia sindano za peptidi, zile za kuzuia uzee, kwa mtu mmoja tu katika kila nyumba, na kumlipia wa pili kungemaliza mshahara wote wa Mbaraka. Rukia ndiye aliyepiga hesabu, akaamua achomwe mumewe, kwa kuwa bandarini hawakuajiri tena mtu mwenye mvi. Sasa ulikuwa mwaka wa tisa. Mbaraka alipanda ngazi mbilimbili. Rukia alizipanda akishikilia ukuta.

Asubuhi moja alimpelekea chai mezani. Mbaraka, usingizi haujamtoka vizuri, aliinua macho akamwona mwanamke mzee ameshika birika.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," Rukia akaitikia bila kufikiri.

Kisha kila mmoja akamngoja mwenzake acheke.