Gumba la Mama Mkwe

Siku hizi anayekatwa tumbo ili apungue mwili hutiwa kufuli kooni, nalo hufunguliwa kwa kidole gumba cha jamaa mmoja tu. Mume wa Mwanakheri alimteua mama yake, kwa heshima.

Kidonda kilikuwa kibichi bado. Mwanakheri alikaa mkekani na kikombe cha uji mwepesi, midomo imemkauka, akimsubiri mkwewe amalize pilau.

“Mama, naomba unifungulie.”

“Una haraka ya nini? Si ulitaka kiuno cha nyigu?” Bi Zulekha alijilamba vidole. “Vyombo kwanza. Na siku ya Idi ulisema pilau yangu haina chumvi. Hujaniomba radhi.”

Mwanakheri aliosha vyombo huku ameshikilia tumbo, akarudi, akapiga magoti, akaomba radhi. Gumba likamgusa shingoni. Akameza mafunda mawili, koo likafungwa.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu. “Alhamdulillahi. Siku hizi mnapatana kweli.”

Mwanakheri alitaka kumweleza. Lakini gumba lilikuwa limeinuka tena, linangoja hewani, na uji ulikuwa umebaki nusu kikombe.

“Tunapatana sana,” akasema.