Maji ya Kunawa

Mwanakombo alikuwa amekata shauri: wakimaliza kula, angemwomba mama Elsa amrudishe kwao. Miezi miwili alikuwa akilea mtoto katika mji ule wa ugenini, na hakuna aliyemtendea ubaya. Ila chakula kilikuwa hakimshibishi. Wali ulipanda kwenye uma, ukamwagika kabla ya kufika kinywani.

Hapo Elsa, mtoto wa miaka minne asiyejua siri, akasema, "Mama, tukiwa peke yetu dada Kombo anakula kwa mkono. Na mimi pia. Wali unakuwa mtamu."

Mwanakombo akainamisha uso. "Nisamehe, mama Elsa. Sitamfundisha tena."

Mama Elsa akainuka, akaenda jikoni, akarudi na jagi la maji ya vuguvugu, bakuli, na taulo begani.

"Elsa, huwa mnaanzaje?"

"Dada ananinawisha."

Mama akamsogelea Mwanakombo, naye akaruka kutoka kitini. "Hapana, mama. Kwetu mdogo ndiye humnawisha mkubwa. Nipe jagi."

"Na mgeni je?"

"Mgeni hunawishwa wa kwanza."

"Basi kaa, mwanangu. Miezi miwili uko kwetu, na hatujakunawisha hata siku moja."

Maji yakampita vidoleni taratibu, naye Mwanakombo akashukuru kwa sauti ndogo, mara mbili, kwa lugha ya kwao. Ng'ambo ya meza baba Elsa, mtu asiye na maneno mengi, alikuwa ameweka uma chini na anakunja mikono ya shati.