Majivu ya Moto wa Mwisho

Kitwana aligeuza jani la sukuma wiki aliyoiacha marehemu mkewe. Lilikuwa limejikunja, limejaa vijidudu.

“Mimi kulima sijui, Bi Nuru. Yanaumwa nini haya?”

“Vidukari hao, shemeji,” jirani yake alimjibu kutoka ng'ambo ya ua. “Wanyunyizie majivu sasa hivi, umande haujakauka.”

Majivu pekee nyumbani yalikuwa ya moto wa mwisho aliouwasha mkewe. Tangu msiba Kitwana alikula mgahawani, mafiga hakuyagusa.

Alichuchumaa, akazamisha mkono majivuni. Vidole vikagonga kiazi kitamu, kigumu kama jiwe. Kila jioni mkewe alikuwa akimchomea kimoja.

Alikipangusa taratibu, akakiweka kwenye sahani, akakaa mbele yake. Nje, umande ulikuwa unakauka.